Stadi ikikatika Kyarumba, usikubali ichomelewe

Gari dogo linaloteremka kutoka Kyarumba na abiria pamoja na magunia ya kahawa limeshikiliwa na vyuma 16, au 20 kama kila gurudumu lina vitano. Injini inaweza kuwa nzima, breki mpya na tairi za juzi dukani, lakini vinavyolizuia gurudumu lisiliache gari kwenye kona ni hivyo vyuma vyenye unene wa milimita 12, ambavyo madereva wengi huvitazama siku ya pancha tu.

Mafundi wanaviita stadi. Ni kipande cha chuma kigumu chenye uzi, kinachochomoza kwenye habu ili rimu iingie na nati ifungwe juu yake. Ikikatika moja gari bado linatembea, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Dereva huona gurudumu halijatoka, abiria wanasubiri, siku ya soko haingoji, basi safari inaendelea kwa stadi tatu badala ya nne. Mzigo uliokuwa wa ile iliyokatika unahamia kwa wenzake, nao wanachoka haraka kuliko walivyotakiwa.

Kyarumba iko Bukonzo, wilayani Kasese nchini Uganda, kwenye vilima vinavyopanda kuelekea Rwenzori. Ni nchi ya kahawa ya arabika, na ndiko yaliko makao ya Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wa kahawa. Ukiiacha barabara kuu ya Kasese–Mpondwe pale Kinyamaseke, unapita Kisinga, ilipo hospitali ya Kagando, kisha unaendelea kupanda. Ni njia ya kupanda na kushuka, yenye kona, mashimo na vumbi wakati wa jua, na matope wakati wa mvua. Mwezi Mei 2020 mito inayotoka Rwenzori, ikiwemo Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha, ilifurika na kuharibu barabara na madaraja katika wilaya hii. Hata mwaka usio na mafuriko, gari la mlimani huoga maji na udongo ambao gari la lami halijui.

Magari yenyewe ni ya makamo. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea na kazi. Corolla au Premio iliyopita mikononi mwa wamiliki kadhaa imefunguliwa magurudumu mara nyingi, na kila mfunguaji ameacha alama yake kwenye uzi. Duka la vipuri la karibu lenye chaguo liko Kasese mjini, au Bwera na Mpondwe. Kipuri kikikosekana huko, watu huagiza soko la Kisekka jijini Kampala, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana kazi nyingi za gurudumu hufanyika uani kwa mwenye gari, kwa spana, jeki na nyundo. Hakuna ubaya. Kubadilisha stadi ni kazi inayowezekana nyumbani, mradi ifanywe kwa utaratibu.

Nani aliyeivunja?

Mara nyingi stadi inayokatika leo iliumizwa siku nyingi zilizopita, na aliyeiumiza ni mkono wa aliyeikaza.

Mkosaji wa kwanza ni bomba. Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe kwa nguvu ya nyutoni-mita (Nm) 103. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 30, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 35 hivi, yaani mkono mmoja wa mtu mzima bila kuruka wala kukanyaga. Sasa chukua bomba la maji la mita moja, lichomeke kwenye spana, na mtu wa kilo 75 asimame kwenye ncha yake. Nguvu inayofika kwenye stadi inazidi Nm 700, karibu mara 7 ya inayotakiwa. Chuma kinavutika, uzi unanyooka, na hakuna anayeona kitu maana nati imeficha yote. Mashine ya upepo ya kwenye gereji nayo hufanya vivyo hivyo ikiachiwa ikaze mpaka ikome yenyewe.

Mkosaji wa pili ni nati isiyo ya gari hilo. Stadi za Toyota, Honda na Mitsubishi nyingi ndogo zina uzi wa milimita 12 kwa 1.5 (unene wa stadi kwa nafasi kati ya mizunguko ya uzi), wakati Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina 12 kwa 1.25, ambao ni mwembamba zaidi. Nati ya Toyota na ya Nissan zote mara nyingi hufunguliwa kwa spana namba 21, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dereva anaazima nati kwa mwenzake stendi, anaiingiza kwa vidole, inazunguka mara moja au mbili kisha inagoma. Angeiacha hapo asingepata hasara. Badala yake anachukua spana na kuilazimisha, na nati inakata njia yake mpya juu ya uzi wa stadi. Uzi umekufa, ingawa nati inaonekana imefungwa.

Nati ya gari lenyewe pia huweza kuua uzi ikianzwa upande. Ni kama shati lililokosewa kifungo cha kwanza: kila kinachofuata kimekosewa. Ndiyo sababu fundi makini huanza kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya kugusa spana.

Mkosaji wa tatu ni ulegevu. Wengi hudhani stadi hukatika kwa kukazwa sana tu, kumbe nati iliyolegea nayo huikata. Gurudumu likiwa na nafasi ya kucheza, kila mzunguko unaikunja stadi kidogo, mbele na nyuma, maelfu ya mara kwa safari moja, mpaka chuma kinachoka. Ulegevu huo mara nyingi huletwa na uchafu. Tope lililokauka au kutu kati ya rimu na habu hubanwa nati zinapokazwa, na gari likishatembea husagika na kuacha pengo. Nati zilizokuwa zimekaza asubuhi zinakuwa zimelegea jioni bila kuguswa na mtu.

Yupo na mkosaji wa nne: rimu za urembo zilizofungwa kwa nati za rimu za chuma, au kinyume chake. Nati ya koni hukaa kwenye tundu la koni. Nati yenye shingo na washa bapa, kama zile za rimu nyingi za aloi za Toyota, hukaa kwenye uso bapa. Ukizichanganya, nati inagusa rimu sehemu ndogo tu, na haiwezi kubana inavyopaswa.

Dalili za mapema

Stadi haifi kimya kabisa. Usukani hutetemeka na mtetemo hauondoki hata baada ya kubalansi tairi. Sauti ya kugonga husikika gari likienda polepole, na kupotea likiongeza mwendo. Mistari ya kutu hutiririka kutoka kwenye tundu la nati juu ya rimu, ishara kwamba vyuma vinasuguana. Nati hukazwa na kukazwa bila kufika mwisho. Hapo ama uzi umekufa, ama stadi nzima inazunguka ndani ya habu. Na iko dalili ambayo kila anayepita anaiona isipokuwa mwenye gari: nati moja haipo.

Ukikuta mojawapo, vua gurudumu. Safisha uzi wa kila stadi kwa brashi ya waya na uutazame kwenye mwanga. Kama ni mzunguko wa kwanza au wa pili tu wa uzi uliopondeka, fundi mwenye kifaa cha kuchonga uzi cha 12 kwa 1.5 anaweza kuunyoosha. Kama uzi umekatika katikati, umemeguka, au stadi imerefuka na kuwa na kiuno, hiyo si ya kunyooshwa. Itolewe.

Kuchomelea si dawa

Hapa ndipo palipo ugomvi wangu na baadhi ya mafundi wetu. Stadi ikikatika au ikianza kuzunguka kwenye habu, jibu la haraka katika miji mingi midogo ni kumwita mtu wa kuchomelea. Anaweka boliti ya kawaida mahali pa stadi, anaichomelea kwa nyuma, na gari linaondoka ndani ya nusu saa. Au fundi wa mashine anachonga stadi kutoka kwenye nondo aliyonayo.

Stadi ya kiwandani ni chuma kilichopitishwa kwenye moto na kupozwa kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa cha kumeguka. Moto wa kuchomelea unafuta kazi hiyo yote kwa sekunde chache, na sehemu iliyo kando ya mshono inabaki dhaifu. Joto hilo hilo linaingia kwenye habu, linayeyusha grisi na kuharibu sili ya beringi. Nondo ya ujenzi nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo; itavutika taratibu, na nati italegea hata ukikaza kila siku. Mwenye gari ameokoa bei ya stadi moja, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari lake, na amenunua hatari asiyoweza kuiona.

Kuchomelea kuna nafasi moja tu halali katika kazi hii: kuchomelea nati kuukuu juu ya stadi iliyokufa ili ipatikane pa kushika wakati wa kuitoa. Stadi hiyo itatupwa, kwa hiyo moto hauna cha kuharibu, ilimradi uwe mfupi na beringi isipate joto.

Kazi yenyewe

Paki gari mahali tambarare, jambo ambalo Kyarumba si rahisi. Tafuta uwanja, usifanye kazi hii kwenye mteremko. Vuta breki ya mkono na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea: liweke gari juu ya stendi imara, na tairi ulilolivua lilaze chini ya mwili wa gari, ili jeki ikiteleza gari likute kitu.

Kwa gurudumu la breki za disiki, fungua boliti za kalipa na uitundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki. Ondoa mshikio wa kalipa, kisha disiki. Ikigoma kutoka, igonge taratibu kwa nyundo ya mbao au ya mpira. Sasa habu iko wazi.

Zungusha habu mpaka stadi mbovu ifike mahali penye nafasi kwa nyuma, kwa sababu kichwa chake kiko upande wa ndani na ndiko itakakotokea. Igonge ncha yake kwa nyundo, mapigo machache ya uhakika. Kifaa cha kusukumia ni bora kuliko nyundo, maana mapigo mengi yanaumiza beringi. Baadhi ya magari hayana nafasi ya kutosha nyuma ya habu. Hayo yanahitaji habu itolewe nzima, na kazi hiyo mpelekee fundi mwenye mashine ya kusukuma beringi.

Chukua stadi ya zamani uilinganishe na mpya kabla ya kuingiza chochote. Urefu uwe ule ule, uzi ule ule, na ile sehemu yenye meno madogo chini ya kichwa iwe na unene ule ule. Meno hayo ndiyo yanayouma habu na kuizuia stadi isizunguke. Yakiwa membamba, stadi itazunguka. Yakiwa manene, yatapasua tundu.

Ingiza stadi mpya kutoka nyuma, na meno yake yaelekeze kwenye mifereji iliyoachwa na ya kwanza. Kwa mbele vishe washa tatu au nne nene, paka grisi kati ya washa hizo, kisha funga nati kuukuu iliyogeuzwa, upande bapa ukitazama ndani. Mwenzako aizuie habu kwa mtaimbo ulioegemezwa kati ya stadi mbili nyingine, zikiwa zimevishwa nati ili uzi wake usiumie. Kaza polepole. Nati inaivuta stadi, meno yanaingia, na spana inakuwa nzito. Ikifika mwisho utaisikia mkononi: uzito unabadilika ghafla. Chungulia nyuma kwa tochi. Kichwa kinatakiwa kiwe kimelala juu ya habu pande zote, bila pengo hata la ukucha. Nati hiyo ya kuvutia itupe, imekwisha kazi.

Sugua uso wa habu na wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Rudisha disiki na kalipa, na usiache grisi iguse disiki. Anza nati zote kwa vidole. Kwa uzi wa 1.5, nati izunguke mara zisizopungua 8 kabla ya kugusa rimu. Kaza kwa msalaba ukiwa na stadi nne. Ukiwa na tano ruka moja kila mara: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Usipake oili kwenye uzi kama kitabu cha gari hakijasema, kwani oili hupunguza msuguano, na mkono ule ule unajikuta umeivuta stadi kupita kiasi. Shusha gari, malizia kukaza, na kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Safari moja ya Kasese na kurudi iwe ukumbusho wako.

Wenye malori wana la ziada la kukumbuka. Baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani yana uzi wa kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, na stadi zake huwa zimegongwa herufi L kwenye ncha. Utingo asiyejua hukaza akidhani anafungua, na huo ndio mwisho wa stadi nyingi.

Hata wakubwa huteleza

Msomaji asidhani haya ni matatizo ya magari chakavu ya mlimani. Juni 2022 Toyota yenyewe iliyaita yarudishwe magari yapatayo 2,700 ya umeme aina ya bZ4X, mapya kabisa, kwa sababu boliti za magurudumu zingeweza kulegea mpaka gurudumu lichomoke. Wamiliki waliambiwa wasiyaendeshe hadi dawa ipatikane. Huko Kanada, baada ya magurudumu ya malori kuchomoka na kuua watu miaka ya 1990, jimbo la Ontario lilipitisha sheria mwaka 1997: gurudumu la gari la biashara likichomoka barabarani, faini ilikuwa kati ya dola 2,000 na 50,000, na kusema kwamba ulichukua kila tahadhari hakukukuokoa.

Huku kwetu, faini iwepo isiwepo, stadi iliyokatika ina bei yake. Atakayelipa ni abiria wa kiti cha nyuma, au mama aliyekuwa akitembea kando ya barabara na ndizi kichwani.

Ikikatika njiani

Kwa gari la stadi tano lililopoteza moja, kaza zilizobaki, punguza mzigo na uende polepole mpaka kwa fundi wa karibu. Kwa gari la stadi nne, abiria washuke. Robo ya nguvu imeondoka. Zikikatika mbili kwenye gurudumu moja, gari lisisogee. Kama stadi ni nzima ila nati zimepotea, chukua nati moja kutoka kila gurudumu lenye tano, zitakufikisha.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na stadi iliyoko rafuni Kasese haikusaidii chochote ukiwa Kyarumba usiku na mvua inanyesha. Nunua mbili za gari lako pamoja na nati zake, uziweke kwenye buti pamoja na spana. Na wewe fundi, ukimaliza kukaza gurudumu la mteja, mweleze arudi akaziwe tena baada ya safari ya kwanza, wala usimchomelee hata akikubembeleza. Mwenye haraka leo mwambie asubiri stadi ifike kutoka Kasese.